Birika Zenye Magurudumu

Trondheim, 14 Agosti

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na nyonga inakuruhusu kupanda ngazi za ghala bila kutukana. Mama anakusalimu kutoka Hamar. Anasema tangu Juni umepokea simu yake mara moja tu, ukamwambia "nina wageni" ukakata, na yeye nyuma yako alisikia redio, hakusikia mgeni.

Mimi sijambo. Nimepata chumba kwa Bi Solfrid, mjane mwenye paka wawili na sheria kumi na nne zilizobandikwa kwenye friji. Sheria ya tisa inasema viatu visielekee mlangoni. Sijathubutu kumuuliza kwa nini.

Kazi nimeanza Jumatatu. Kwenye maombi niliandika kwamba napenda ramani, kwa hiyo nilidhani nitapewa ramani. Nimepewa simu. Mimi, Babu! Mimi niliyekuwa nakimbilia zizini ile simu yako ya ukutani ikilia. Kazi yangu ni kuwajibu watu waliokwama. Mtu wa kwanza alipiga kutoka Denmark. Nilimwambia maneno yote niliyofundishwa, kwa mpangilio wake, na yeye akawa anasema, "Halo? Halo? Kuna mtu hapo?" mpaka akakata. Kumbe nilikuwa nanong'ona. Jostein wa meza ya jirani akanigeukia akasema, "Eldrid, huyo hukumsaidia. Umemwombea dua tu."

Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kupiga. Nikitoka kazini siwezi hata kuitazama simu.

Niambie habari za mkahawa. Bado unaoka vile vikate vya umbo la moyo kila asubuhi kwenye kile chuma cha kuokea cha marehemu Bibi? Wageni wapo? Naomba unijibu ukweli, si kama ulivyomjibu Mama.

Mjukuu wako,
Eldrid

*

Skarvhaug, 30 Agosti

Kimya wangu,

Marahaba. Nyonga ni nzima kuliko mwenye nyonga. Kuku wanataga wanapojisikia. Kondoo bado wako mlimani wakinenepa, tutawashusha katikati ya Septemba, na safari hii mbwa mwenyewe anachechemea, kwa hiyo tutakuwa wawili.

Mwambie mama yako wageni walikuwepo. Mmoja alikuwa mwendesha lori na wa pili alikuwa Torleiv. Najua utasema Torleiv si mgeni. Mtu anayefunga duka lake kule bondeni kila asubuhi na kupanda kilomita ishirini ili kuja kunidhihaki, mimi namhesabu.

Umeomba ukweli. Haya. Zamani gari likisimama kwenye pampu yangu, dereva akijaza petroli anasikia harufu ya vikate, anaingia, anakula vitatu, anamtumia mkewe salamu. Siku hizi nusu ya magari ni hizo birika zenye magurudumu. Hazinywi petroli, hazitoi sauti, zinapita vuu kama zimeiba kitu. Nimetundika kibao kwenye pampu: BIRIKA ZIPITE. Torleiv amekisoma akasema, "Asgaut, mbona zinapita hata bila ruhusa yako?"

Basi nimejiwekea kipimo. Pasaka ijayo, watu wa mjini wakipanda na skii zao za kutelezea theluji na machungwa yao ya sikukuu kwenda kwenye vibanda vyao, nitahesabu wanaosimama. Wakiwa wachache kama mwaka huu, nafunga mkahawa. Nitahamia Hamar kwa mama yako, niwekwe mbele ya televisheni na kikombe kimoja cha kahawa kwa siku. Miaka arobaini na moja si haba. Usilie. Mimi silii, ni unga umeniingia machoni.

Tarishi naye siku hizi ananiletea bahasha za kijani, nene, karatasi ngumu. Zinawasha jiko vizuri ajabu.

Hao waliokwama unaowajibu wamekwama wapi? Kwenye lifti?

Babu yako

*

Trondheim, 12 Oktoba

Babu mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kuchelewa. Nimefurahi kusikia kutoka kwa Mama kwamba kondoo wameshuka salama. Paka mmoja wa Bi Solfrid amezaa, na sasa kuna sheria ya kumi na tano.

Sijachelewa kwa sababu ya kazi. Nimechelewa kwa sababu uliuliza swali. Babu, si lifti. Ni magari ya umeme. Kampuni yetu inajenga vituo vya chaji ya haraka, kutoka huku kwetu kaskazini mpaka Ureno, na gari likigoma kuchaji au dereva akishindwa kutumia mashine, anapiga simu, na anayeitika ni mimi. Basi, nimesema. Unaweza kuwasha jiko kwa barua hii.

Kama bado unasoma, nikusimulie. Mholanzi mmoja alinipigia akiwa karibu kulia. Anakokota nyumba yake ya likizo nyuma ya gari, na vituo vingi vimejengwa kama zizi la farasi, unaingiza pua unachaji, kwa hiyo kila baada ya masaa mawili alilazimika kuifungua nyumba, kuiacha pembeni, kuchaji, kurudi kuifunga. Mke wake alikuwa ndani ya nyumba hiyo akigoma kutoka. Na kuna bwana wa Ureno ambaye hakuwa na tatizo lolote. Alisema, "Binti, chaji inachukua dakika ishirini na tano na hapa pana ukuta tu. Niambie habari za kwenu." Nikamwambia habari za kondoo. Sikunong'ona sana.

Kwenye korido yetu kuna ramani ya Ulaya nzima, imejaa nukta. Kwenye barabara kubwa wanataka ziwe kila kilomita sitini hivi, ili mtu asiwe na wasiwasi tena. Za kijani zimeshajengwa. Za rangi ya machungwa ni mahali ambapo mwenye kiwanja ameandikiwa na hajajibu. Kuna moja ya machungwa juu ya mlima ninaoujua. Nimetia sahihi kwamba sitataja viwanja nje ya ofisi, kwa hiyo sitaji.

Juzi alipiga mama mmoja Mjerumani, Bi Wiebke. Hakuwa amekwama, alitaka kushukuru. Anasema walikuwa juu ya mlima na betri imebaki asilimia mbili. Mzee mmoja akawavutia waya mpaka soketi ya zizi la kondoo, wakachaji kwa muda wa saa tisa nzima, akawalisha, watoto wakalala kwenye magunia ya sufu. Aliwasihi wasimwambie mtu yeyote. "Ni yule mwenye kibao cha birika," alisema. Nilimwahidi kuandika shukrani zake. Nimeziandika hapa.

Babu, zile bahasha za kijani, huwa unazifungua kabla ya kuzichoma?

Eldrid

*

Skarvhaug, 27 Oktoba

Kimya,

Marahaba. Kondoo walishuka wote isipokuwa mmoja, naye aliletwa na Torleiv kwenye kiti cha mbele cha gari lake, amefungwa mkanda.

Zizi langu halina soketi. Lina moja, ya mashine ya kunyolea. Wajerumani siwafahamu. Ila ningewafahamu, ningesema yule mtoto wao mdogo alikula vikate kumi na kimoja na jamu yote ya mwaka huu, na kwamba mama yao aliosha vyombo bila kuombwa, jambo ambalo sijaliona tangu bibi yako afariki.

Bahasha ni bahasha.

Kwa hiyo mjukuu wangu anafanya kazi kwenye birika. Torleiv alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Kibao chako kimemfukuza mjukuu wako mwenyewe!" Nikamwambia mjukuu wangu anasaidia watu waliokwama, na mtu aliyekwama ni mtu, hata akiwa ndani ya birika.

Yule Mholanzi hatimaye alifanyaje? Mkewe alitoka? Nauliza tu.

Babu yako

*

Trondheim, 6 Desemba

Babu mpendwa,

Shikamoo. Huku giza linaingia saa tisa mchana na Bi Solfrid ameweka nyota ya karatasi kila dirisha. Mke wa Mholanzi hakutoka. Alipitishiwa kahawa dirishani hadi Italia.

Nina jambo, na nitaliandika lilivyotokea.

Jumanne nilitumwa kuandika kumbukumbu za mkutano wa ramani. Mkuu wetu, Henrikke, alisimama mbele ya ukuta na kijiti. Akasema, "Namba arobaini na moja, Skarvhaug. Barua tatu, jibu hakuna. Mwenye duka la bondeni ameshakubali. Tuishushe nukta kwake. Kuna anayepinga?"

Mkono wangu uliinuka. Sijui nani aliuinua.

"Eldrid?" Henrikke alishangaa kama vile kabati limeongea.

"Anawashia jiko barua zetu," nikasema.

Wakacheka wote. Jostein akasema, "Angalau mtu mmoja amepata joto kwetu."

"Wewe umejuaje?" Henrikke akauliza.

"Ni babu yangu."

Kicheko kilikatika. Akaweka kijiti chini. "Umekaa miezi minne unaipita ramani hii kila siku, hukusema?"

"Nilitia sahihi," nikamwambia. "Na pia mimi huwa sisemi."

Hakukasirika, lakini aliniambia kwamba tangu dakika ile faili la arobaini na moja silishiki, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Nisikushawishi ukubali, wala nisikushawishi ukatae. Nikamwuliza kama naweza angalau kukunakilia kwa mkono kilichokuwa kwenye zile barua tatu, kwa kuwa barua zangu za mkono unazisoma. Alifikiri sana. Akasema, "Nakili. Usiongeze neno." Barua hiyo ameisoma yeye mwenyewe, na iko ndani ya bahasha hii, karatasi ya pili.

Mimi sina maoni, Babu. Yaani siruhusiwi kuwa nayo. Magari yakichajia bondeni yatapanda mlima yakiwa yameshiba na hayatasimama tena juu. Hilo halimo kwenye karatasi ya pili lakini Henrikke amesema si ushawishi, ni hesabu.

Nakutakia Krismasi njema. Mama ananunua samaki.

Eldrid

(Karatasi ya pili)

Kwa Bwana Asgaut Myrhaug, Skarvhaug.

Kampuni inaomba kukodi sehemu ya kiwanja chako, upande wa kaskazini wa pampu, kwa ajili ya mashine nane za chaji ya haraka. Mashimo yatachimbwa ardhi ikiyeyuka, na transfoma mpya itawekwa nyuma ya ghala. Mkahawa utabaki kuwa wako na utaendeshwa na wewe. Kutoka kituo kilichopo kaskazini hadi kilichopo kusini ni kilomita mia moja thelathini na tano, na wakati wa baridi betri hupungua upesi. Jibu linaombwa kabla ya tarehe 31 Januari au siku hiyo. Baada ya hapo kituo kitajengwa mahali pengine.

Imenakiliwa kwa mkono na Eldrid Myrhaug, ambaye hashiriki uamuzi huu.

*

Trondheim, 9 Januari

Babu mpendwa,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Sijapata barua kutoka kwako. Krismasi ulimwambia Mama kwamba theluji ni nyingi, kuku ni wazima, na kwamba una wageni.

Kuna jambo ambalo siruhusiwi kuuliza. Kwa hiyo naulizia nyonga.

Nyonga ikoje, Babu? Nyonga imefikiria lolote? Nyonga inajua kwamba zimebaki siku ishirini na mbili?

Eldrid

*

Skarvhaug, 18 Januari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nyonga imecheka.

Sasa nisikilize. Barua hazikuungua. Nilichoma bahasha. Barua zote tatu ziko kwenye droo ya bibi yako, pamoja na mapishi yake, na nimezisoma mara nyingi kuliko mapishi.

Unajua ya kwanza ilianzaje? "Mpendwa mwenye kiwanja." Ya pili, "Mpendwa mwenye kiwanja." Nikasema labda ya tatu watakuwa wameuliza mtu. "Mpendwa mwenye kiwanja, tunakukumbusha." Miaka arobaini na moja nimesimama kwenye mlima huu. Nimewavuta watu kutoka mitaroni, nimewapa supu, mtoto mmoja alizaliwa kwenye benchi la dirishani. Nina jina. Wewe umeliandika, na tena umeliandika vizuri, na kwa ajili hiyo karatasi yako nimeibandika ukutani.

Lakini hilo ni la kwanza. La pili wewe unalijua, umemalizia likizo zako zote hapa. Jambo kubwa halisemwi kwa karatasi. Mtu anakuja. Anavua viatu. Anakunywa kahawa. Kikombe cha kwanza ni cha hali ya hewa, cha pili ni cha watu na mifugo, cha tatu ndicho cha jambo lenyewe. Baba yako alinunua trekta hivyo. Mimi nilimchumbia bibi yako hivyo, na nilikuwa na haraka. Tangu barua ya kwanza ilipokuja Mei nimechemsha kahawa kila gari jeupe likipunguza mwendo, nikidhani ni watu wenu. Hakuna aliyekuja.

Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Nasema birika la kahawa liko jikoni.

Na wewe usije. Umekatazwa, nami sitaki ufukuzwe kazi iliyokufundisha kusema na Wareno.

Babu yako

*

Skarvhaug, 3 Februari

Kimya wangu,

Hujambo? Kuku wazima, theluji imefika kwenye madirisha ya ghala. Najua unatetemeka kwa kutaka kujua na hakuna anayekuambia, kwa sababu ya sheria zenu. Sheria hazinihusu mimi, kwa hiyo kaa chini.

Tarehe thelathini Januari kulikuwa na upepo wa kung'oa meno. Hakuna gari lililoruhusiwa kupita peke yake, yakapandishwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji. La mwisho kwenye msafara lilikuwa birika jeupe. Likakata kona, likaingia kwangu, likazima taa. Akashuka mama mmoja mrefu, kofia imegeuka barafu. Akasema, "Bwana Asgaut Myrhaug? Mimi naitwa Henrikke. Nimebakiwa na asilimia nne."

Unaona? Jina langu lote. Nikavuta waya mpaka zizini. Kondoo walimtazama kama mtoza ushuru.

Akavua viatu. Nikamimina kikombe cha kwanza. Tukasema kuhusu upepo. Cha pili, akaniuliza habari za kondoo, nikamuuliza habari za wanawe. Ana mapacha. Vizuri sana. Nikamimina cha tatu, nikakaa, nikaweka mikono mezani, nikangoja.

Hakusema kitu.

Nikangoja. Akanywa. Akanitazama kwa heshima kubwa. Nikamwekea kikate. Akala. Nikamimina cha nne, hakijawahi kumiminwa katika nyumba hii bila jambo kusemwa. Kimya. Saa ya ukutani inagonga, upepo unalia, mimi jasho linanitoka. Nikajisemea, huyu mwanamke amekuja kilomita zote hizi kunywa kahawa?

Baadaye ndipo ilipojulikana. Ulipomsomea barua yangu, na najua ulimsomea, ulimwambia kikombe cha tatu ndicho cha jambo. Hukumwambia anayeanza ni mgeni. Naye akadhani ni mwenyeji, akaogopa kunikatisha! Nami siwezi kuanza nyumbani kwangu, ningeonekana naomba. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, watu wazima wawili.

Mlango ukafunguka, akaingia Torleiv na theluji yake. Akatutazama. "Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Tunakunywa kahawa."

"Mnakunywa kahawa au mnalinda maiti? Mama, wewe ni wa chaji?" Henrikke akaitikia kwa kichwa. "Basi sikiliza. Mimi nilikubali siku ileile nilipoandikiwa, ili huyu mzee akasirike, akubali upesi. Miezi yote hii hakasiriki! Mimi kwangu sina nafasi hata ya kugeuza toroli. Asgaut, utatia sahihi au niende nikaanze kuoka vikate mimi?"

"Wewe?" nikamwambia. "Wewe hata soseji unaiunguza ndani ya maji."

"Ndiyo hiyo soseji nitawapa Wajerumani wako."

Nikamwomba Henrikke kalamu.

Lakini nilikuwa na masharti matatu. La kwanza, kituo kiitwe Skarvhaug, si namba arobaini na moja. La pili, mashine mbili ziwekwe pembeni mwa njia ya kupita moja kwa moja, mtu mwenye nyumba ya kukokota au trela la kondoo aingie huku atokee kule bila kufungua kitu. Henrikke akashtuka, akasema, "Hilo hata wahandisi wetu wamelisahau. Umelipata wapi?" Nikamwambia nina mtu ananiandikia. Hukunishawishi, Eldrid, usiogope. Ulinisimulia tu habari za Mholanzi.

La tatu, namba ya simu ya msaada iandikwe kwa tarakimu kubwa, niione bila miwani.

"Utapiga wewe?" akauliza.

"Mimi? Kamwe," nikamjibu.

Ilibidi akae mpaka jioni gari lijae. Ameosha vyombo.

Babu yako

*

Trondheim, 8 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za Bi Solfrid, na viatu vyangu vilielekea mlangoni, na hakusema kitu.

Leo asubuhi nukta ya arobaini na moja imebadilishwa rangi. Henrikke alinipa stika mkononi akasema, "Kubandika si kushiriki uamuzi." Nimeibandika mwenyewe. Imekaa upande kidogo.

Sasa naruhusiwa kuwa na maoni. Maoni yangu ni kwamba nililia chooni, kwa furaha, halafu nikarudi kumjibu Mswidi aliyefungia funguo ndani.

Eldrid

*

Skarvhaug, 15 Aprili

Mjukuu wangu,

U mzima? Pasaka imepita. Ardhi bado ni jiwe, hawajachimba hata shimo la panya. Nilihesabu kama nilivyosema. Walisimama wageni kumi na wanane kwa wiki nzima, na sita kati yao walitaka choo tu.

Mama yako alipiga akaniuliza kwa sauti ya upole kama nimeanza kufunga mizigo. Nikamwambia nilisema Pasaka ijayo. Sikusema ya mwaka gani.

Nimeagiza chuma cha pili cha vikate.

Babu yako

*

Trondheim, 21 Julai

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujachoka. Mama ameniambia juu ya siku ya kwanza ya kituo, kwamba magari yalipanga foleni hadi kwenye daraja na hakuna aliyekuwa anamsemesha mwenzake, kila mtu amekaa kwenye kiti chake akiangalia mbele kama yuko kanisani, mpaka wewe ukatoka na sinia ukaanza kuwagongea vioo. Anasema Torleiv alikuwa anaosha vyombo. Simwamini, lakini nafurahi kuamini.

Mimi ni mzima. Nimeombwa kuanzia Septemba nifundishe wapokea simu wapya. Ni wanne. Nimekubali kabla sijapata muda wa kuogopa.

Nataka kukueleza jambo la Jumamosi. Saa sita mchana simu iliingia, na kwa namba iliyopigwa, kwenye kioo pakaandikwa Skarvhaug, mashine ya tano. Nikaitika kama ninavyoitika siku zote: "Habari ya mchana, umefika kitengo cha msaada, naitwa Eldrid. Umekwama wapi?"

Hakuna aliyejibu. Nilisikia upepo. Nilisikia chuma cha vikate kikifungwa, mlio wake naujua. Nilisikia mtu mzima akipumua. Halafu mbali kidogo sauti ikasema, "Sema basi, bwana! Si ulitaka kumsikia?" Ikakatwa.

Nilitazama mashine ya tano kwenye kompyuta. Haikuwa na hitilafu yoyote. Haikuwa hata na gari.

Sheria inasema mtu akikaa kimya sekunde thelathini nikate mimi. Sikukata. Nilingoja, kwa sababu mimi najua ilivyo mtu kushika simu na maneno yakagoma. Kama unamfahamu aliyepiga, mwambie ajaribu tena. Mimi nipo kila Jumamosi. Aanze na hali ya hewa, akipenda.

Mjukuu wako,
Eldrid

*

(Kadi yenye picha ya kondoo)

Skarvhaug, 25 Julai

Kimya wangu,

Kile kibao nimekigeuza. Upande wa pili nimeandika: BIRIKA ZIMECHEMKA, INGIENI.

Aliyepiga simu si mimi. Ila anasema hukunong'ona hata kidogo.

Babu yako, Asgaut